Serikali ya Ireland imekosa mbuzi wa kafara: itafika na wananchi?

Mwanzisha mada, Dublin

Wakuu, habari za asubuhi hii ya Disemba 2025. Nimetoka zamu ya usiku, usingizi umegoma, na mezani kuna bili ya umeme. Mwaka jana majira kama haya bili ilikuja na mstari mmoja mtamu: serikali imekulipia euro 125. Baada ya mwaka mpya ukaja mstari wa pili, 125 nyingine. Safari hii nimeigeuza karatasi mbele na nyuma kama mtu anayetafuta chenji iliyodondoka. Mstari haupo. Bajeti ya Oktoba 2025 iliufuta.

Basi naweka mada. Serikali hii ya Micheál Martin na Simon Harris, iliyoingia Januari 2025, itaweza kubaki na wananchi mpaka mwisho wa muhula? Mimi nasema haiwezi, na sababu yangu siyo bili.

Kwa wasiofuatilia: uchaguzi ulifanyika Novemba 29, 2024. Bunge lao, Dáil, lina viti 174. Fianna Fáil cha Martin kilipata 48, Sinn Féin 39, Fine Gael cha Harris 38. Fianna Fáil na Fine Gael ni watoto wa pande mbili za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922 na 1923. Walikaa karibu miaka mia wakipokezana serikali na kununiana, hadi 2020 shida ikawalaza kitanda kimoja. Ukijumlisha viti vyao unapata 86, na wingi unaanzia 88. Yaani wamepungukiwa viwili tu, na pengo likazibwa na wabunge huru. Martin ni Taoiseach, yaani waziri mkuu, mpaka Novemba 2027, kisha anampisha Harris.

Sasa hoja yangu. Serikali za mseto Ireland zina desturi moja ya kikatili: hasira za wananchi humwangukia mdogo. Progressive Democrats waliingia uchaguzi wa 2007 na viti 8, wakatoka na 2, na baadaye wakafunga duka. Wakijani, chama cha mazingira, waliingia 2011 na 6, wakatoka mikono mitupu. Labour walipata viti 37 mwaka 2011, wakaenda serikalini na Fine Gael, 2016 wakabaki 7. Wakijani wakarudi tena wamejipanga, 12 mwaka 2020, na 2024 kikabaki kimoja. Wakubwa waliokaa nao meza moja, waliosaini kodi zilezile na sera zilezile, wakaondoka wanafuta midomo. Fianna Fáil hata wakaongeza viti.

Ndiyo maana nasema: mbuzi wa kafara yuko wapi safari hii? Hayupo! Hakuna chama kidogo ndani. Kuna wabunge huru, na hao hawachinjiki. Chukua ndugu wawili wa Kerry, Michael na Danny Healy-Rae. Michael alipewa uwaziri mdogo Januari 2025. Mtu wa Kerry hawahesabii hao sera ya taifa. Anawahesabia barabara iliyozibwa mashimo, na hospitali iliyompokea mama yake baada ya wao kupiga simu. Nyumba zisipojengwa Dublin, Kerry hakuna atakayemuuliza Healy-Rae.

Hawa wabunge huru walijionyesha rangi zao mapema. Januari 22, 2025, siku ya kumchagua Martin, kundi la Michael Lowry lilitaka kuiunga mkono serikali na wakati huohuo lipewe nafasi ya kuuliza maswali upande wa upinzani. Mguu mmoja jikoni, mwingine sebuleni. Bunge likageuka soko la samaki, spika, naye mgeni kwenye kiti, mwanamke wa kwanza kukikalia, akaahirisha mara kadhaa na mwisho siku ikafa. Martin alichaguliwa kesho yake, 95 kwa 76. Serikali iliyoanza hivyo huwezi kuniambia imeanza na baraka.

Halafu kuna hesabu ya nyumba. Kabla ya kura, viongozi walizunguka wakisema mwaka 2024 utafunga na nyumba mpya karibu 40,000. Januari, mwezi uleule waliounda serikali, idara ya takwimu ikatoa jumla: 30,330. Mtu anaweza kusahau hotuba, lakini namba aliyoambiwa akiwa kwenye foleni ya kupanga nyumba haitoki kichwani.

Na tumeshaona dalili. Oktoba 24, 2025 walipiga kura ya rais. Catherine Connolly, mbunge huru wa Galway aliyeungwa mkono na upinzani wote wa kushoto, alipata asilimia 63. Mgombea wa Fine Gael, Heather Humphreys, hakufika 30. Wa Fianna Fáil, Jim Gavin, kocha aliyewapa Dublin ubingwa wa kandanda la Kiairishi miaka mitano mfululizo, alijitoa wiki tatu kabla, kwa sababu ya euro 3,300 za mpangaji wake wa zamani alizolipwa zaidi na hakurudisha. Oneni kejeli yenyewe: chama tawala, katika nchi inayolia nyumba, kinaangushwa na deni la mpangaji.

Karibuni mnipinge.

Mkenya wa Limerick

Kaka, hapo kwa mbuzi umenena vizuri, ila umeruka mahali. Ule mwaka 2011 Wakijani hawakuchinjwa peke yao. Fianna Fáil wenyewe walitoka viti 77 wakaanguka hadi 20. Na 2016, Labour ilipobaki 7, Fine Gael nao walishuka kutoka 76 hadi 50. Kwa hivyo mkubwa pia huliwa, tofauti ni kwamba yeye ana nyama ya kutosha kubaki na mifupa inayotembea.

Lakini shida yangu na mada yako ni neno "kubaki na wananchi". Walikuwa nao lini? Kura za chaguo la kwanza 2024: Fianna Fáil asilimia 21.9, Fine Gael 20.8. Jumla 42.7. Mwaka 1982 hivi vyama viwili vilikuwa vinabeba zaidi ya 80 kwa 100. Sasa vinatawala na kura nne kwa kila kumi, na wale kumi ni wa wale waliojisumbua kwenda kituoni, ambao hawakufika hata asilimia 60 ya waliojiandikisha. Hawajapendwa. Wamevumiliwa.

Serikali ya hapa haihitaji mapenzi, inahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni wapinzani wasishikane. Sinn Féin ya Mary Lou McDonald mwaka 2022 ilikuwa kwenye kura za maoni na thuluthi ya nchi, watu walikuwa wanahesabu ni nani atakuwa waziri gani. Uchaguzi ukafika na asilimia 19. Cha pili ni zile kura za kuhamia. Hapa mpigakura haweki tiki, anaandika 1, 2, 3 mpaka achoke. Mgombea wako akitolewa, karatasi yako inahamia kwa wa pili wako. Zamani mtu wa Fianna Fáil angekatwa kidole kabla ya kumwandikia Fine Gael namba 2. Leo wanaandikiana kama mashemeji. Huo ndio mtaji wao.

Nimewahi kusimama ukumbini wakihesabu. Masanduku yanamwagwa mezani, karani anakunjua karatasi moja moja, na ng'ambo ya kizuizi wazee wa vyama wameinama na penseli, wanachungulia kila karatasi inapofunguka na kuchora vijiti vitano vitano. Saa nne asubuhi hawajatangaza chochote, ila wale wazee wanajua nani ameenda. Mmoja aliniambia hasomi namba 1, hiyo kila mtu anaiona. Anasoma namba 3.

Dada wa Galway

Jamani, kabla hamjaniua na hesabu, niwape ya nyumba.

Septemba nilienda kuangalia nyumba ya vyumba viwili. Tangazo lilisema saa kumi na moja na nusu. Nimefika saa kumi na moja, ngazi imejaa mpaka mlangoni. Kila mtu ana bahasha: hati za mshahara za miezi mitatu, barua ya mwajiri, barua ya mwenye nyumba wa zamani. Mbele yangu wapenzi wawili, wote walimu. Nyuma yangu mzee wa Kiairishi na begi la karatasi, ameshatolewa alikokuwa kwa sababu mwenye nyumba anauza. Tukaingizwa watanowatano, dakika tatu, kama tunaaga maiti. Dalali hakunitazama usoni, alitazama bahasha.

Nyumba hatukuipata. Walimu nao hawakuipata, nilikutana nao kwenye nyingine wiki iliyofuata, tukacheka.

Sasa ndugu zangu, yule mzee atampigia nani? Mimi sijui. Lakini nataka muone upande wa pili, maana mnasema "wananchi" kana kwamba ni mtu mmoja. Karibu theluthi mbili ya kaya za Ireland zinaishi kwenye nyumba zao wenyewe. Bei ya nyumba ikipanda, wao wanatajirika wamelala. Ndio wanaokwenda kupiga kura wote, mvua inyeshe upepo uvume. Sisi wa ngazini tumetawanyika: mmoja mgeni hana kura ya bunge, mmoja kahamia Australia, mwingine ana miaka 31 yuko chumbani kwake cha utotoni nyumbani kwa wazazi na hasira zake. Kwa hiyo serikali inaweza kushindwa kwenye nyumba na bado isishindwe kwenye kura. Hilo mwanzisha mada hujaligusa.

Na kuna sheria mpya za kodi ya pango. Kikomo cha kupandisha kilienea nchi nzima Juni 2025, jambo zuri, ila kwa mikataba ya kuanzia Machi 2026 mpangaji akihama kwa hiari yake mwenye nyumba anaruhusiwa kurudisha bei ya soko kwa anayeingia. Maana yake aliyekaa akae. Atakayehama imekula kwake.

Mwanafunzi, Maynooth

Mimi nimepunguziwa ada nikaongezewa. Msinicheke. Ada ya kisheria ilikuwa 3,000. Miaka mitatu mfululizo serikali ilikuwa inakata 1,000 kama msaada wa muda, tunalipa 2,000. Bajeti ya mwaka huu wakatangaza kwa shangwe: tumeipunguza ada moja kwa moja kwa 500! Yaani 2,500. Mama amekaa na kalamu akaniuliza, "Wamepunguza, mbona tunaongeza?" Nikakosa la kumwambia.

Mzee wa Cork

Wanangu, shikamooni nitaipokea kesho, leo naingia moja kwa moja.

Niko hapa tangu 2004. Nimeiona nchi hii ikiwa na pesa za kuchezea, nikaiona ikipiga magoti, nikaiona tena ikiwa na pesa mpaka haijui iziweke wapi. Hilo la mwisho si utani, mahakama ya Ulaya mwaka 2024 iliwalazimisha wapokee karibu euro bilioni 14 za kodi ya Apple walizokuwa wakizikataa.

Mnazungumza habari ya kupoteza wananchi. Ngojeni niwaeleze ilivyokuwa kwa serikali ya 2011, maana ile ndiyo iliyoingia na wananchi wengi kuliko zote. Enda Kenny na Eamon Gilmore. Wabunge 113 kati ya 166. Waliotangulia walikuwa wameziwekea dhamana benki usiku wa Septemba 2008, wakaishia kukopa kwa IMF na Ulaya, mpango wa bilioni 85. Watu walikuwa tayari kula mihogo ilimradi serikali mpya iwaambie ukweli.

Basi kwanza Roscommon. Wakubwa wa Fine Gael waliwaahidi watu wa pale kwamba chumba cha dharura cha hospitali yao hakifungwi. Kura Februari, kimefungwa Julai. Miezi mitano. Mbunge wao wenyewe, Denis Naughten, akapiga kura kuipinga serikali yake na akafukuzwa kwenye kundi la chama. Kisha ada ya vyuo. Ruairi Quinn wa Labour, siku chache kabla ya uchaguzi, alisimama mbele ya wanafunzi na kutia saini kwamba haitapanda. Akawa waziri wa elimu, ikapanda 250 kila mwaka mpaka ikafika 3,000, hiyohiyo anayolia nayo kijana wa Maynooth leo.

Hayo yote watu waliyabeba. Benki zilimeza bilioni 64, wakabeba. Mshahara ukakatwa kodi mpya, wakabeba. Halafu wakaletewa maji.

Sikilizeni. Maji hapa yalikuwa hayalipiwi bili, yanatoka kwenye kodi. Serikali ikaunda kampuni, ikaanza kufunga mita mlangoni kwa mlangoni. Mtaani kwetu mafundi walikuja asubuhi na gari na vizuizi vya plastiki. Bibi mmoja jirani yangu, mjane, anayekwenda misa kila siku, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, alitoka na kiti cha jikoni, akakiweka juu ya kifuniko cha bomba pale kwenye njia ya miguu, akakaa. Na chupa ya chai. Mafundi wakasimama, wakapiga simu, wakaondoka. Kesho yake walikuwa akina mama wanne. Mwingine akaegesha gari juu ya kifuniko chake akaenda kazini kwa basi.

Oktoba 2014 Dublin ilijaa watu makumi ya maelfu. Serikali ikashusha bei, mwisho nyumba ya watu wawili ilikuwa italipa 260 kwa mwaka, na inarudishiwa 100. Mia na sitini, wanangu! Kwa mwaka! Lakini hakuna tena aliyekuwa anahesabu pesa. Bilioni 64 hakuna aliyeziona kwa macho, ila mita ilikuwa inachimbwa mlangoni kwake.

Mwaka 2015 uchumi ulikuwa unakua kuliko nchi yoyote ya Ulaya. Fine Gael wakaenda kwenye kura ya 2016 na kaulimbiu ya tuendeleze kufufuka huku. Watu wakauliza, kufufuka kwa nani? Mwenye Galway ataniambia, huko magharibi walikuwa wanaaga vijana wao uwanja wa ndege kama wanazika.

Kwa hiyo mwanzisha mada, mimi mbuzi wako simkatai. Ila anza na ile karatasi uliyoitaja ukaikimbia. Ulisema sababu yako siyo bili. Mimi nasema ndiyo hiyo bili.

Mkenya wa Limerick

Mzee, shikamoo. Lakini 2014 serikali ilikuwa inaongeza malipo. Sasa hivi wameacha tu kutoa zawadi. Si kitu kimoja.

Mzee wa Cork

Marahaba. Kwa aliyezoea, ni kitu kimoja. Vuli ya 2024, wiki zilezile za uchaguzi, mama wa watoto wawili alipokea posho ya watoto mara mbili mwezi wa Novemba, na mara mbili tena Disemba. Mtoto mmoja 140, fanya hesabu. Mwaka huu Disemba imekuja moja. Wewe unaita zawadi. Yeye alishainunulia sare za shule.

Msomaji wa Mombasa

Samahanini, mimi nauliza tu. Haya ya Ireland yanatuhusu nini sisi Waswahili? Kwetu mambo hayajaisha.

Dada wa Galway

Kaka, yanatuhusu tulioko huku. Na nikupe jambo ambalo hata wengi wetu hapa hawalijui: chaguzi za serikali za mitaa Ireland, anayeishi hapa anapiga kura, uwe na pasipoti ya wapi. Bunge ni raia wao na Waingereza, rais ni raia wao pekee, lakini diwani ni mkaaji yeyote aliyejiandikisha. Mimi nilipiga Juni 2024 na kitambulisho cha Tanzania mkononi. Diwani ndiye anayejua orodha ya nyumba za halmashauri imefika wapi. Baada ya hapo mgombea mmoja akawa ananisalimia kwa jina dukani.

Mkongomani, Athlone

Miye naongeza moja, mtaniwia radhi Kiswahili changu ni cha Bukavu. Ninyi mnaongea nyumba na bili. Miye nilikuja kama mkimbizi, nikapewa karatasi. Mwezi wa Novemba waziri wa sheria, Jim O'Callaghan, ametangaza mkimbizi atangoja miaka mitano kuomba uraia, si mitatu tena. Na kuleta familia kutakuwa na masharti ya mapato. Mwezi mmoja kabla ya pale watu walichoma gari ya polisi kule Citywest, mbele ya hoteli wanamoishi waomba hifadhi. Serikali imeona ile moto na imeona tena zile kura zilizoharibiwa siku ya rais, zaidi ya 213,000, zingine zimeandikwa matusi. Basi inataka kuvuta tena wale wapiga kura. Unauliza itabaki na wananchi? Itajaribu, na tutalipa sisi. Mbuzi unayemtafuta, mwanzisha mada, miye nadhani namjua.

Mwanzisha mada, Dublin

Ndugu wa Athlone umeninyamazisha. Nimesoma mara tatu. Nilikuwa namtafuta mbuzi ndani ya baraza la mawaziri, wewe umenionyesha wanamtafuta nje ya geti. Sina jibu la haraka.

Nirudi kwa wengine. Mkenya, umenibana kuhusu 2011 na nakubali niliruka. Lakini hoja yako ya wapinzani kutoshikana ilikuwa kweli mpaka Oktoba. Kwa Connolly walishikana wote: Sinn Féin, Labour, Social Democrats, Wakijani, na wale wa kushoto kabisa. Wamejionea kwamba inawezekana.

Mkenya wa Limerick

Kwa urais, ndiyo. Ikulu ya hapa haina bajeti wala polisi, mtu anampa kura yule anayempenda moyo. Mwaka 2011 Michael D. Higgins wa Labour alishinda urais, miaka minne na ushei baadaye chama chake kikabaki na viti saba. Connolly haongezi hata kiti kimoja Dáil. Tena amewaachia kimoja wazi.

Mwanzisha mada, Dublin

Na 1990 je? Mary Robinson, akiungwa mkono na Labour, alimshinda mtu wa Fianna Fáil ambaye kila mtu alidhani ameshapita. Miaka miwili baadaye Labour ilipanda kutoka viti 15 hadi 33.

Mkenya wa Limerick

Na wakafanya nini nazo hizo 33? Wakaenda kuunda serikali na Fianna Fáil haohao. Uchaguzi uliofuata wakashuka hadi 17. Unanisaidia, kaka.

Mzee wa Cork

Hapo amekufunga.

Mwanzisha mada, Dublin

Sawa, goli nimekubali. Lakini hivyo viti wazi ndivyo tupimie. Cha Connolly Galway Magharibi, na cha Paschal Donohoe Dublin ya Kati, aliyeacha wizara ya fedha Novemba akaenda Benki ya Dunia, na Harris akaichukua wizara. Sheria inataka chaguzi ndogo ziitishwe ndani ya miezi sita. Dublin ya Kati ni jimbo la Mary Lou mwenyewe. Nasema serikali haipati hata kimoja.

Mzee wa Cork

Hicho si kipimo, mwanangu. Tangu 1982 mpaka Oktoba 2011 hakuna serikali hapa iliyoshinda uchaguzi mdogo hata mmoja. Aliyeuvunja huo mwiko ni Patrick Nulty wa Labour, Dublin Magharibi, na hakumaliza miezi miwili. Disemba hiyohiyo aliipinga bajeti ya serikali yake akatolewa kundini. Ukipimia chaguzi ndogo, kila serikali imeshakufa.

Mkenya wa Limerick

Tuweke dau la maana. Mimi nasema Novemba 2027 Harris anapokea kiti kutoka kwa Martin kama walivyoandikiana, kiti kwa kiti, bila uchaguzi. Kwa sababu hakuna kati yao anayethubutu kwenda kwa wananchi mapema. Wasipopendwa ndivyo watakavyozidi kushikana.

Mwanzisha mada, Dublin

Na mimi nasema hawafiki. Fianna Fáil bado hawajamsamehe Martin kwa habari ya Gavin, yeye ndiye aliyewaletea. Wakimwondoa, huyo mpya hatakubali kukaa miezi kadhaa halafu ampishe mtu wa Fine Gael. Hapo ndipo watakapochinjana wenyewe. Dau?

Mkenya wa Limerick

Mbuzi mzima. Anayeshindwa ananunua na kuchoma.

Mwanzisha mada, Dublin

Nimekubali. Mzee awe shahidi.

Dada wa Galway

Mjue tu kwamba mbuzi huku ni wa kutafuta kwa tochi. Mkienda bucha bila kuagiza mapema mtauziwa kondoo, na mtalipa bei ya mbuzi.